Mwenye na Mtunzaji

Fomu ya bima ya pikipiki hapa Uingereza huuliza mambo mengi ambayo mtu huyajibu bila kufikiri: umri, kazi, miaka ya leseni, mahali chombo kinapolala usiku. Maswali mawili yalinisimamisha. La kwanza: je, wewe ndiwe mmiliki wa pikipiki hii? La pili: je, wewe ndiwe mtunzaji wake aliyesajiliwa? Ilikuwa usiku wa Ijumaa, nami nimeketi jikoni kwangu Croydon, kusini mwa London. Kesho yake nilikuwa niende dukani kuichukua pikipiki mpya ya enduro niliyoitamani kwa miaka mingi. Nilidhani swali moja limerudiwa kwa makosa. Nilipoufungua tena mkataba niliotia saini wiki ile, niligundua kwamba jibu la kweli kwa swali la kwanza ni hapana, na kwa swali la pili ni ndiyo.

Sababu yake ni rahisi. Nimeinunua kwa mtindo wa kulipa kidogo kidogo, awamu 36, moja kila mwezi. Kwa mkataba wa aina hiyo, mmiliki ni kampuni iliyotoa fedha, hadi awamu ya mwisho ilipwe. Mimi ni mtu aliyekabidhiwa chombo akitumie, akitunze, akilipie kodi na kukijibia mbele ya polisi. Hata hati ya usajili inayotolewa na DVLA, ile wanayoiita V5C, ambayo Tanzania tungeiita kadi ya pikipiki, imeandikwa waziwazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtunzaji tu. Serikali inataka kujua ni nani wa kupelekewa barua ya faini. Mali ni ya nani hasa ni jambo jingine.

Swali ninalotaka kulichunguza hapa ni la zamani, na halihusu pikipiki peke yake: kitu huwa cha mtu lini? Je, ni siku ya kulipa, siku ya kuandikwa jina, au siku ambayo mikono imekwisha kukizoea? Na kama jibu ni hilo la mwisho, yule ambaye mikono yake imekizoea kitu kisicho na jina lake ana haki gani? Msomaji atanisamehe nikianza na spana kabla ya wanafalsafa.

Croydon ni mahali panapofaa kuuliza swali hili. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tuliujua mji huu kwanza kwa jengo moja, Lunar House, lililopo barabara ya Wellesley, mahali ambapo vizazi vya wageni vimepanga foleni kuomba ruhusa ya kubaki nchini. Nami nilipanga foleni hiyo baada ya kumaliza shahada ya uzamivu. Mtu aliyepata ruhusa ya kubaki anaifahamu vizuri tofauti kati ya kukaa na kumiliki. Lakini mji huu una uhusiano mwingine na kwetu, wa zamani zaidi. Tarehe 28 Februari 1931, kutoka uwanja wa ndege wa Croydon, shirika la Imperial Airways lilianzisha huduma ya kila wiki ya kupeleka barua hadi Mwanza, kando ya ziwa. Mimi ni mtu wa Mwanza. Uwanja ule ulifungwa mwaka 1959, ila jengo lake la abiria bado limesimama barabara ya Purley Way, na kila nipitapo hapo huwaza juu ya mifuko ile ya barua, ikiwamo hati za milki za watu waliokuwa mbali na vitu vyao. Siku hizi barua hazihitajiki. Simu inatosha, na simu ndiyo iliyoniletea kisa cha insha hii.

Jumamosi niliichukua pikipiki, nikaipeleka nyumbani polepole chini ya mvua nyembamba, nikizivuka reli za tramu za katikati ya mji kwa uangalifu wa mtu abebaye mayai. Tairi mpya huteleza, na chuma kilicholowa huteleza zaidi. Jumapili asubuhi nikaanza kazi ya kuiweka sawa.

Pikipiki ya enduro imeundwa kwa ajili ya njia mbaya: matope, mawe, mizizi ya miti, vijito. Ni ndefu kwenda juu, nyembamba, nyepesi, na tairi zake zina meno. Inapotoka dukani haiwi tayari kwa mtu yeyote, kwa kuwa imeandaliwa kwa mtu wa kukisiwa. Springi ya nyuma hufungwa kiwandani kwa kumwazia mpandaji wa kilo 75 hivi. Mimi nina kilo 92 kabla sijavaa buti. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima mshuko. Unapima umbali kutoka ekseli ya gurudumu la nyuma hadi alama iliyo juu yake, gurudumu likiwa hewani. Kisha unapanda ukiwa umevaa kila kitu, unasimama juu ya vikanyagio, na mtu mwingine anapima tena. Tofauti ya vipimo hivyo inapaswa kuwa milimita 100 hivi, yaani theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Ikizidi, pikipiki inakalia mkia na gurudumu la mbele linakuwa jepesi, halitaki kukata kona. Ikipungua, inainamia pua na kuyumbayumba kwenye mwendo.

Mwanangu wa miaka 13 alishika futi kamba. "Mia moja ishirini na nane, baba," akasema. Nikaikaza nati ya springi, tukapima tena: 115. Nikaikaza tena: 106. Tukaishia hapo, nikijua kwamba kwa uzito wangu siku moja itanibidi kubadili springi yenyewe. Baada ya hapo tukaisogeza mikono ya breki na ya klachi hadi ikalingana na mkono wangu nikiwa nimesimama, tukaikaza kwa kadiri tu, ili nikianguka izunguke badala ya kuvunjika. Tukapima ulegevu wa cheni. Tukagonga spoku moja moja kusikiliza ipi inalia tofauti. Tukafungua beringi za nyuma na kuziongezea grisi, kwa kuwa wenye uzoefu husema kwamba kiwandani grisi hutiwa kwa ubahili. Injini nayo ina masharti yake: saa chache za kwanza usiilazimishe wala usiibembeleze mno, kisha umwage oili ya kwanza iliyobeba unga wa chuma, utie mpya, na ukaze upya kila nati iliyolegea.

Saa nne za kazi zilinionyesha jambo ambalo fomu ya Ijumaa ilikuwa imelidokeza tu. Kampuni inayoimiliki pikipiki hii haijawahi kuigusa. Haijui mshuko wake wala spoku ipi inalia. Mimi, nisiyeimiliki, ndiye ninayejua. Nilicheka peke yangu nikiwaza hivyo, kwani jambo lilikuwa bado ni la kuchekesha.

Simu ikalia nikiwa na grisi hadi viwikoni. Ilikuwa ni dada yangu.

"Mdogo wangu," akasema baada ya salamu, "yule kijana ameanguka. Mtulinga umevunjika. Pikipiki imepona, ni taa na kioo tu."

Lazima nieleze. Mwaka uliopita nilituma nyumbani shilingi 2,800,000, dada akanunua bodaboda, akamkabidhi kijana wa jirani kwa mkataba. Masharti yake yalikuwa yale yale yanayojulikana kila kijiweni: hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, Jumapili hakuna hesabu, siku 360 za hesabu, kisha anakabidhiwa kadi na pikipiki inakuwa yake. Mafuta ni juu yake, matengenezo ni juu yake, faini ni juu yake. Akishindwa, chombo kinarudi kwa tajiri. Hilo ndilo neno la kijiweni kwa mwenye chombo, awe na fedha au hana: tajiri. Hesabu hiyo haikuja London. Dada alikuwa akiipokea na kumhudumia mama kwa dawa zake na mshahara wa msichana anayemsaidia.

"Daktari amesema asipande kwa wiki sita au nane," dada akaendelea. "Amelipa siku 281. Kuna kijana mwingine yupo tayari kuanza kesho, mkataba mpya, elfu kumi ile ile. Mama dawa zake haziwezi kusubiri. Lakini uamuzi ni wako. Wewe ndiye mwenyewe."

Nilimwambia nitafikiri. Nikarudi uani, nikaitazama pikipiki ambayo bei yake ingenunua bodaboda sita, na ambayo nimeinunua kwa ajili ya kuchezea matope siku za mapumziko. Sikucheka tena. Mkataba wangu na mkataba wa yule kijana ni kitu kimoja. Sote wawili ni watunzaji wa vyombo vya watu wengine. Sote tunalipa kidogo kidogo. Sote tutakabidhiwa umiliki siku ya mwisho. Tofauti ni kwamba katika mkataba mmoja mimi ni kijana, na katika mwingine mimi ni kampuni.

Ipo tofauti nyingine, na hii ilinikosesha usingizi. Sheria ya Uingereza ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974 inasema kwamba mtu aliyekwisha kulipa theluthi ya bei yote ya kitu alichonunua kwa mkataba wa namna yangu hawezi kunyang'anywa kitu hicho bila amri ya mahakama. Mkopeshaji akikichukua kwa nguvu zake mwenyewe, mkataba unakufa, na anapaswa kurudisha kila alichopokea. Sheria haisemi kwamba theluthi inakufanya mmiliki. Inasema kwamba umefika mahali ambapo huwezi tena kutendewa kama mtu baki. Yule kijana alivuka theluthi yake siku ya 120. Alipoanguka alikuwa amelipa shilingi 2,810,000, zaidi ya fedha zote nilizotoa mimi. Kilichobaki, siku 79, kilikuwa faida tupu. Na bado, kwa mkataba wetu, angeweza kuamka kesho akiwa hana kitu.

Tujiulize kwa haki upande wa pili unasema nini, kwani si upande wa waovu. Unasema kwanza kwamba ahadi ni deni. Masharti yalisomwa mbele ya mashahidi, naye akakubali. Unasema pili kwamba mwenye mtaji aliubeba mzigo wa hatari: pikipiki ingeibwa wiki ya kwanza, fedha zingepotea zake. Unasema tatu kwamba mama ni mgonjwa, na huruma kwa jirani isiyomjali mama wa mtu ni huruma ya kujionyesha.

Hoja ya kwanza ina nguvu pale tu wawili walipokubaliana wakiwa na nafasi ya kukataa. Mimi nilipotia saini mkataba wangu dukani nilikuwa na nafasi hiyo. Ningeweza kuondoka na kwenda kunywa chai. Yeye alikuwa akichagua kati ya mkataba wangu na kukaa kijiweni akiomba deiwaka, apewe pikipiki ya mwenzake kwa saa mbili mwenzake anapolala. Ajabu ni kwamba anayelindwa na sheria ni yule ambaye angeweza kukataa. Asiyeweza kukataa analindwa na moyo wa tajiri wake, na moyo wa tajiri ni kitu kinachotegemea siku ilivyoamka.

Hoja ya pili inatupeleka kwa wanafalsafa. John Locke, katika risala yake ya pili juu ya serikali iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1689, alifundisha kwamba kitu kisicho cha mtu huwa cha mtu pale anapochanganya kazi yake nacho. Fundisho hilo limependwa na wengi, na wapanda pikipiki hulisadiki bila kulisoma. Lakini humo humo Locke anahesabu udongo uliochimbwa na mtumishi wake kuwa mali yake yeye, bwana. Kazi ni ya mtumishi, milki ni ya bwana. Nimelifundisha fungu hilo kwa miaka kadhaa kama jambo la kuwatania nalo wanafunzi. Sikulijua kama kioo.

Mwaka 1958, katika kijitabu Mali ya Taifa, Julius Nyerere alianzia karibu na hapo akafika kwingine. Ardhi, alisema, ni zawadi ya Mungu kwa wote. Mtu aifyekaye na kuilima anapata haki juu ya juhudi yake aliyoitia humo, si juu ya ardhi yenyewe, na akiiacha, ardhi inarudi kwa wote. Mawazo hayo hayajafa katika sheria zetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 bado inasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na raia ana haki ya kuitumia. Watanzania kwa hiyo si wageni katika fikra ya kushika bila kumiliki. Kila mwenye shamba kwetu ni mtunzaji kisheria, na hakuna athubutuye kumwambia kwamba miaka yake shambani si kitu. Kwa nini tunayemwambia hivyo ni mwenye bodaboda peke yake?

Hata hivyo hoja ya utunzaji nayo ina mipaka, na nisipoitaja nitakuwa nimedanganya. Kama kutunza kunatosha kumfanya mtu mwenye mali, basi mwizi aibaye pikipiki uani kwangu na kuipaka mafuta kila wiki atakuwa mwenye pikipiki. Hapana. Utunzaji unaodai haki ni ule ulioanza kwa kukabidhiwa, kwa amana. Na kama kazi peke yake inatosha, basi msichana amsaidiaye mama yangu angekuwa mwenye nyumba aifagiayo. Hapa pia jibu lipo: yeye analipwa kwa kazi yake. Yule kijana hakulipwa. Alilipa. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akatia mafuta yake, akabeba abiria na hatari zao, na jioni akapeleka fedha. Mambo matatu yalikutana kwake: alikabidhiwa, alitunza, na alibeba hasara. Yanapokutana hayo, kusema kwamba kitu si chake hata kidogo mpaka siku ya 360 ni kusema jambo ambalo maandishi yanaliruhusu na akili inalikataa.

Kuhusu mtunzaji aliyelipwa, namkumbuka baba. Alikuwa bwana shamba katika wilaya moja ya kandokando ya ziwa, miaka ya themanini na tisini, na kazi yake ilikuja na pikipiki ya serikali, Honda XL 125, mama wa enduro zote katika macho yangu ya utotoni. Ndiyo sababu ya kweli ya mimi kununua hii yangu. Jumamosi jioni aliilaza cheni katika mafuta ya taa, akaisugua kwa mswaki wa zamani, akaipangusa kama mtu apangusaye miwani. Kila tengenezo aliliandika katika daftari la kurasa mia: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa. Hakuna siku niliyomsikia akisema pikipiki yangu. Alisema pikipiki ya kazi.

Siku ya kustaafu aliiosha, akaiendesha hadi ofisini, akaikabidhi pamoja na daftari. Aliyepokea alitia saini funguo, akasema daftari halihitajiki. Baba akarudi nalo nyumbani kwa miguu. Baada ya mwaka mmoja niliiona pikipiki ile imesimama nyuma ya jengo, majani yameota kati ya spoku. Kwa hoja niliyoijenga hapo juu, pikipiki haikuwa ya baba. Alilipwa mshahara, na hakudai kitu. Lakini kuna kitu alichodaiwa na hakupewa. Alistahili kusikilizwa. Alistahili mtu mmoja afungue daftari na kuuliza, hapa ulifanya nini?

Nadhani hapa ndipo jambo lilipojificha. Tumezoea kuwagawa watu wawili: mwenye na asiye mwenye. Katikati yao yupo wa tatu, mtunzaji, na hati ya Uingereza imemtaja bila kukusudia, kwa ajili ya faini tu. Haki zake si zile za mwenye. Nyingine ni ndogo, kama haki ya kusikilizwa kabla kitu hakijamtoka mkononi, na hiyo anayo hata mtunzaji wa mshahara. Nyingine hukua kwa siku na kwa malipo, mpaka inafika mahali ambapo mwenye jina ndiye anayepaswa kujieleza.

Lugha yetu imelijua hili muda mrefu. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kumiliki katika mazungumzo ya kila siku. Tunasema nina pikipiki, yaani niko pamoja na pikipiki, kama vile nina rafiki au nina homa. Kuwa na kitu ni kuandamana nacho. Na neno mwenyewe, alilolitumia dada, linabeba maana mbili: mwenye mali, na nafsi ya mtu. Tunapouliza mwenyewe yuko wapi, hatuulizi jina lililo kwenye kadi. Tunamwuliza yule ambaye kitu hiki kinamhusu hata akilala.

Siku ya nne ndipo nilipompigia simu yule kijana. Nakiri kwamba nilichelewa, na kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa jepesi: dada ampe yule mwingine, mimi nimtumie mgonjwa kitu cha kununulia dawa. Ningetoka na mali na sifa kwa pamoja.

"Shikamoo, tajiri," akasema.

Nikaitikia, nikampa pole. Nilitazamia aniombe asinyang'anywe. Hakuomba. Alidhani jambo limekwisha kuamuliwa. Akasema, "Akipewa huyo mwingine, mwambieni gia ya pili haipendi haraka, aisubiri kidogo. Na asubuhi asiivute mafuta mpaka ipate moto. Mimi nimeizoea hivyo."

Nilikaa kimya muda. Huyu alikuwa akinisomea daftari lake, na mimi ndiye niliyekuwa mezani nikitia saini funguo.

Uamuzi wangu ulikuwa hivi. Pikipiki ibaki kwa mama yake, imefunikwa, mpaka apone. Siku 79 zisimame pale zilipo, zisiongezeke. Mkataba uandikwe upya, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na haki isiyoandikwa hupotea mapema kuliko mali. Niliongeza sharti moja: aliyekwisha kulipa theluthi hanyang'anywi chombo mpaka pande zote mbili ziketi mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kusikilizwa. Si mahakama, lakini ni mtu wa tatu. Dada aliuliza swali lililobaki, nalo ni la haki: "Na mama?" Nikamjibu kwamba fedha za mama zitatoka huku. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi ungeanza na hilo tangu mwaka jana." Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Maana ukweli ni kwamba huruma yangu haikunigharimu sana. Niliacha kununua springi mpya, na kwa miezi miwili nikaacha safari za kwenda kwenye njia za udongo za vilima vya North Downs. Njia zenyewe zina somo lao. Ardhi yake aghalabu ni ya watu binafsi, na umma una haki ya kupita tu; mwaka 2006 Bunge la Uingereza lilifuta haki za kupita kwa vyombo vya moto katika njia nyingi ambazo hazikuwa zimeandikwa kwenye ramani rasmi kuwa wazi kwa vyombo hivyo. Watu waliokuwa wakipita humo kwa miaka waliambiwa kwamba mazoea yao si ushahidi tena. Kwa hiyo hata huku, penye sheria ya theluthi, mtumiaji asiye na karatasi anajulikana jinsi anavyoweza kutendewa. Sisemi Uingereza ina haki na sisi hatuna. Nasema kwamba kila mahali kuna watu ambao mikono yao inajua kitu kuliko majina yaliyoandikwa juu yake, na haki ya nchi, au ya familia, inapimwa kwa namna inavyowasikia watu hao wanapokuwa wameanguka.

Mtulinga umeunga. Dada alinipigia kusema kwamba siku ya kwanza kijana aliikalia pikipiki uani kwao muda mrefu bila kuiwasha, akiuzungusha mkono mbele na nyuma, ndipo akaiwasha na kuiacha ipate moto. Tangu hapo amepeleka hesabu ya siku nane. Zimebaki siku 71, kisha kadi itakuwa na jina lake. Mimi, zimebaki awamu 33.